Matundu Yaliyotazama Patupu

Hapa Los Olivillos watakwambia ndugu yangu Nolberto alikuwa mvivu, kwamba aliwakimbia mbuzi kwa sababu mbuzi wana kazi. Waongo. Tulimzika majira ya baridi yaliyopita, udongo ukiwa mgumu kama chuma, na palepale kaburini nikamsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Maisha yake yote alikuwa anachomeka nyuzi kwenye bati, basi." Nikamkazia macho mpaka akavaa kofia yake akaondoka. Mimi ndiye niliyemlea Nolberto. Habari zake nazieleza mimi, na asiyependa aende akasikilize kwingine.

Mama yetu alifariki Nolberto akiwa hajamaliza kuota meno. Baba alikuwa mtu wa migodini. Alikuja akaenda, akaja akaenda, mwisho akaenda. Nikabaki na mtoto mgongoni, kundi la mbuzi, na zizi la mawe lililobomoka upande mmoja. Mtoto yule alijua kukamua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Kila mwaka theluji ilipopungua tulipandisha kundi hadi malisho ya juu, karibu na mpaka wa Argentina, nyumbu mbele, mbwa nyuma, sufuria zikigongana kwenye matandiko. Huko tulikaa kiangazi kizima katika kibanda cha mawe, tukigandisha maziwa na kula mkate wa majivuni. Ee Mungu, mkate ule! Siku hizi naoka kwenye jiko la gesi na hauna ladha, na mtu asiniambie ni ulimi wangu umezeeka.

Tulikuwa na mbuzi mmoja mkorofi, jike jeusi lenye pembe moja, tukimwita Bi Mkubwa. Kazi yake ilikuwa kuwapotosha wenzake majabalini, kwa hiyo nilikuwa namfunga peke yake kwa kamba ndefu kwenye mteremko wa ng'ambo. Siku moja Nolberto alilala kifudifudi juu ya jiwe, kidevu mikononi, anatazama ng'ambo.

"Dada, Bi Mkubwa anakimbia vile, mbona hatumbukii bondeni?"

"Kamba inamshika."

"Mimi siioni kamba."

"Kwa umbali huu nani aione? Mtazame anavyozunguka. Angekuwa hana kamba, kwa mbio zile saa hizi angekuwa Argentina."

Akafikiri. "Kwa hiyo akizidi kukimbia na bado hatoki, kamba ni imara zaidi?"

"Ndiyo. Sasa inuka ulete kuni."

Ndivyo tulivyoishi, na mimi nilidhani ndivyo tutakavyoishi mpaka mwisho. Yeye angeoa, mimi ningewagombeza watoto wake.

Kisha ukaja ukame, ule mrefu, Nolberto akiwa ameshavuka thelathini na hajaoa. Majani hayakuota hata ya kudanganyia. Kwa mchunga mbuzi, mwaka wa namna ile una sheria moja, na haina huruma: mbuzi asiyetoa maziwa hapewi majani. Kile kidogo ulichonacho unampa anayekamulika. Nolberto ndiye aliyekuwa akigawa. Aliwapita wale wakavu mmoja mmoja, nao wakimlilia, na akirudi ndani hakutaka kula. Miezi mingi ilikuwa hivyo. Kitu unachokifanya kwa mikono kila asubuhi, mikono inakishika hata kichwa kikisahau.

Kundi lilipobaki nusu, akapanda Cerro Perdiz kuomba kazi. Huko juu, watu wa nyota walikuwa na darubini zao tangu zamani, maana mlima ni mkavu na anga yetu haina haya, inaonyesha kila kitu. Alitaka kuendesha lori la maji. Mkuu wa karakana, Don Wladimir Aravena, mtu wa Coquimbo mwenye masharubu mazito, akamkuta nje ya lango amempakata mbwa wa mlinzi, anamtoa mwiba wa dungusi kwenye kope, na mbwa ametulia kama yuko kanisani.

"Wewe, hiyo mikono inatetemeka ukiwa na njaa?"

"Nina njaa sasa hivi, bwana."

Don Wladimir akaitazama mikono, akamchukua. Lakini si kwa kazi ya lori.

Kazi yenyewe sasa haipo tena. Kuna mikono ya chuma inayojiendesha. Wakati ule ilikuwa hivi. Kwa kila sehemu ya anga walitoboa bati la alumini, pana kuliko sinia la kuokea, na karibu kila tundu lilikaa mahali ambapo mwanga wa nyota moja ungeangukia. Mchana, mtu aliketi mezani na kuchomeka uzi katika kila tundu. Nyuzi zenyewe ni za kioo, nyembamba kuliko unywele, kila mmoja ndani ya ala yake na ncha ya chuma. Jioni bati lilifungwa nyuma ya darubini, na kila uzi ukabeba mwanga wa nyota yake peke yake, ukaupeleka kwenye mashine ya kuupima. Ukivuta kwa nguvu, uzi umekatika. Ukikosea tundu, nyota ya huyu imekuwa ya yule.

Nolberto aliipenda meza ile kama mtu anavyopenda mke. Akauza mbuzi wake wote waliobaki, fungu lake la kundi, bila kuniuliza.

"Utarudi," nikamwambia.

"Sirudi, dada."

"Utarudi, na mimi sitakununulia hata mwanambuzi mmoja."

"Wala sitakuomba."

Tukanuniana. Yeye alitaka kitu kimoja tu duniani: abaki kwenye meza ile. Mimi nilitaka kimoja: ashuke. Kila Alhamisi nilikuwa napanda na pikapu ya mboga kuuza jibini jikoni kwao, na nilipita mbele ya dirisha la karakana shingo imenyooka. Maneno yetu yalipitia kwa mpishi, Uberlinda, mwanamke mnene mwenye moyo wa kicheko.

"Mwambie ndugu yangu jibini la leo nimelipunguza chumvi."

Uberlinda akatoa kichwa dirishani. "Nolberto! Dada yako anasema jibini la leo kalipunguza chumvi!"

"Mwambie dada yangu asante! Na mwambie leo kanuna vizuri, anapendeza!"

"Anasema..."

"Nimesikia! Mimi si kiziwi!"

Tulikwenda hivyo karibu mwaka. Mwisho nilichoka kumlipa Uberlinda kwa vipande vya jibini, nikaanza kumsalimu mwenyewe. Lakini msimamo wangu sikuuacha, na yeye wake hakuuacha.

Sasa nakuja kwenye siku zenyewe. Ilikuwa Desemba, sikukuu ya Bikira Maria wa Andacollo. Mtu wa kwetu mwenye nadhiri ya kucheza mbele ya Bikira hata awe mgonjwa atakwenda, na mlima ulibaki karibu mtupu. Dereva wa pikapu alikuwa mchezaji. Mchomekaji mwenzake Nolberto alikuwa mchezaji. Don Wladimir mwenyewe alipiga ngoma tangu utotoni, akafunga sanduku lake la vifaa akaenda. Mimi nilikuwa nimeshapanda na jibini langu.

"Mama Orfelina, nitakuja kukuchukua kesho kutwa," dereva akaniambia, utepe mwekundu tayari kifuani. "Bikira hasubiri."

"Na jibini langu linasubiri?"

"Liuze lote huku huku!"

Basi nikalala chumbani kwa Uberlinda, anayekoroma.

Jikoni, siku ile ile, ndipo nilipomfahamu daktari Ximena Bórquez. Alikuwa binti wa Valparaíso, mwembamba, anatia sukari kwenye chai mpaka kijiko kisimame. Alikuwa ameomba darubini kwa miaka, akapewa usiku mbili tu. Zikipita hizo, sehemu yake ya anga ingeondoka, na mwaka unaofuata zamu ilikuwa ya watu wengine. Alikuwa akiichunguza galaksi moja ndogo, ndogo na hafifu kiasi kwamba nilipoonyeshwa picha yake nilisema, "Binti yangu, hapa hamna kitu." Nolberto akaniambia nitazame tena. Nikaona kama mahali mtu alipopumulia kioo.

"Galaksi yetu hii tunayoishi ndani yake ni kama Santiago, mama," Ximena akasema. "Hii ni kama..." Akatazama dirishani, chini kule bondeni. "Kama Los Olivillos."

"Usikitukane kijiji changu."

"Sikitukani! Nakisifu. Santiago kuna kelele, magari, watu juu ya watu, huwezi kujua nani anamshika nani. Nyota nyingi, gesi nyingi, vyote vina uzito. Kijiji kidogo chenye watu wachache hakiwezi kuficha. Nikiona watu wake wanakimbia sana na bado hawatawanyiki, nitajua kuna kitu kinawashika, na hicho kitu si wao."

"Kitu gani?"

"Tunakiita maada ya giza. Hakiwaki. Hakizuii mwanga, unapita katikati yake kama hakipo. Hakuna aliyewahi kukishika mkononi."

"Sasa kama hakiwaki wala hakizuii, mmejuaje kipo?" Nilimwona amebanwa, nikafurahi.

Nolberto akaanza kucheka. "Dada, umesahau? Bi Mkubwa! Mbuzi tunamwona, kamba hatuioni. Daktari anataka kujua mbio za mbuzi, ili ajue uimara wa kamba."

"Kamba ile niliifunga mimi," nikasema. "Hii ya mbinguni kaifunga nani?"

"Ndiyo hapo," Ximena akasema. "Na tungejua hata imesokotwa kwa nini, ningelala usingizi."

Nikauliza mbio za nyota wanazipimaje, nyota haina hata vumbi nyuma yake. Nolberto akanikumbusha malori ya mgodi barabarani, jinsi honi inavyolia nyembamba lori likija na nene likienda. Mwanga nao hubadilika vivyo hivyo, akasema, kidogo sana, na mashine inaujua. Nilimtazama akieleza, mkate mdomoni, mikono hewani, na nikaona kwamba huyu mtu hanisikilizi tena mimi anaposikia neno kazi. Nilichukia. Nikaenda kuosha vyombo visivyokuwa vyangu.

Mchana ule Nolberto akabaki peke yake na bati la Ximena. Akiwa anasogeza toroli lenye shada la nyuzi, gurudumu likagonga mguu wa meza, nyuzi kadhaa zikakatika. Zilizobaki hazikutosha matundu yote. Na baadhi ya matundu Ximena alikuwa ameyazungushia wino mweusi. Hayo hayakuwa na nyota. Yalitazama patupu, mahali penye giza kati ya nyota na nyota.

Ninyi mngefanyaje? Mchunga mbuzi, mwaka wa ukame, majani hayatoshi. Ndugu yangu hakufikiri mara mbili. Nyuzi zote nzima akazipa nyota, matundu yaliyotazama patupu akayanyima. Mwenyewe aliona amemfanyia daktari jambo jema, hakupoteza hata nyota moja. Na mimi ningefanya vivyo hivyo, na sioni haya kusema.

Usiku ule nilikuwa nimelala, sikujua lolote. Asubuhi Nolberto alichomoa nyuzi zote, kama kawaida, bati likawa tupu tena. Ximena alikuja jikoni macho mekundu, hakutia sukari.

"Zimesimama," akamwambia Uberlinda, kana kwamba Uberlinda angeweza kumsaidia. "Nyota zangu. Nusu yake zinaonekana kama hazina mbio yoyote. Ama hakuna kinachozishika, ama kuna kitu kimeharibika."

Asubuhi nzima walipekua mashine. Fundi wa umeme akafungua visanduku. Nolberto akashika tochi, akahangaika nao, hakujua bado. Chakula cha mchana kilipowekwa, maharage na tambi, Don Wladimir naye alikuwa ameshafika kutoka Andacollo, kaomba lifti kwa watu, riboni bado kwenye kofia, viganja vimevimba kwa ngoma. Nikakaa karibu na Nolberto kwa sababu ndipo palipokuwa na kiti.

"Ni mwezi," Ximena akasema, anachora kwenye kitambaa cha meza kwa uma. "Mwanga wa mwezi umeingia kwenye kila uzi pamoja na mwanga wa nyota, na mwezi haukimbii popote. Kwa kawaida naupunguza. Natazama pale pasipo na nyota, najua mwezi umetia kiasi gani, naondoa. Lakini jana nikitazama pasipo na nyota, sioni kitu. Hata mwezi wenyewe hamna. Giza kabisa. Anga yangu imekwenda wapi?"

Ndugu yangu akaacha kutafuna. Nikamtazama, nikajua. Mtu uliyemlea humfichi wala hakufichi. Na hapo nikaelewa pia kwamba bati lilikuwa limeshachomolewa, na hakuna aliyeona. Akifunga mdomo, lawama ni ya mwezi au ya mashine, naye atabaki mezani kwake. Akiufungua, kesho nitashuka naye nyumbani. Kile nilichokiomba miaka yote kilikuwa kwenye mdomo wake. Nilikata mkate.

"Daktari," Nolberto akasema. "Yale matundu yenye duara la wino. Ndiyo hayo?"

"Ndiyo hayo hayo. Ya anga tupu."

Akaweka kijiko chini. "Jana toroli lilikata nyuzi. Zikapungua. Nikayanyima yale, nikazipa nyota."

"Yote?"

"Yote, daktari."

Ximena akajifunika uso. Fundi wa umeme, mwisho wa meza, akapiga paja lake. "Mimi asubuhi nzima nafungua visanduku, kumbe mbuzi kaingia shambani!"

"Wewe funga domo," Don Wladimir akamwambia. Kisha akamgeukia Nolberto. "Kwa nini hukuuliza?"

"Nimwulize nani? Ulikuwa Andacollo."

"Simu zipo!"

"Katikati ya ngoma zote zile, ungesikia simu?"

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomwasha Don Wladimir. Akasimama, riboni zikatikisika. "Nilikuambia matundu yote yajazwe. Nilikuambia, sikukuambia?"

"Uliniambia. Hukuniambia kwa nini."

"Kwa nini! Sasa unajua kwa nini. Kuanzia leo hushiki uzi kwenye karakana yangu. Kesho pikapu ikishuka, shuka nayo."

Nolberto akaitika, akamaliza maharage yake yote, maana nilimfunza kutobakiza, akatoka nje. Mimi nikaenda chumbani kwake nikamfungia mzigo. Mashati, redio, blanketi la mama. Moyoni nilikuwa nimeshaamua atalala chumba cha upande wa zizi, na nani nitamwomba mbuzi wawili wa kuanzia. Nilifurahi, sitadanganya. Mikono yangu tu ndiyo ilichelewa kufunga fundo.

Ulibaki usiku mmoja, na bati lilitakiwa lijazwe kabla ya jua kutua. Mchomekaji mwingine alikuwa bado anacheza kwa Bikira. Don Wladimir akasema atachomeka mwenyewe. Ndiye aliyewafunza wote. Nikapita pale dirishani kumtafuta Nolberto, na sikuondoka tena.

Don Wladimir akavaa miwani. Akaivua. Akaivaa. Viganja vyake vilivyovimba vilishika uzi kama mtu anayeshika sisimizi kwa koleo. Ule wa kwanza ukaingia. Wa pili ukakatika. Ximena akatoa sauti ndogo. Nolberto alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Unasimama hapo kama sanamu kwa nini?" Don Wladimir akasema bila kugeuka. "Shika taa."

Nolberto akaja akashika taa.

"Karibu zaidi."

Akaisogeza.

Uzi wa tatu ukapindapinda juu ya tundu, ukakataa. Don Wladimir akapumua kwa masharubu. "Huu shikilia kidogo, nijikune." Akampa uzi. Nolberto akauingiza. "Nimekuambia shikilia, sikusema ingiza." Akampa mwingine. "Na huu shikilia." Ukaingia. Baada ya muda Don Wladimir ndiye aliyekuwa ameshika taa, na hakuna mtu chumbani aliyesema lolote juu ya jambo hilo. Mimi niliyekuwa dirishani ndiye niliyeuma ulimi.

Lakini nyuzi zilikuwa bado pungufu, na sasa umepungua mmoja zaidi. Nolberto akasimamisha mkono.

"Daktari, sasa chagua wewe. Nani anyimwe?"

Ximena akaliinamia bati. Kila tundu la nyota alikuwa amelihangaikia miaka. Akagusa moja, akatoa kidole, akaligusa tena. "Hii iache," akasema. "Na hii. Na ile pale, Mungu anisamehe, ile nzuri." Akaziacha nyota moja baada ya nyingine, na matundu yaliyotazama patupu yote yakapata nyuzi. Nolberto aliyajaza hayo kwa upole wa ajabu, kama anayemrudishia mtu kitu chake. Sijui alikuwa akiwafikiria kina nani. Mimi niliwafikiria wale mbuzi wakavu.

Asubuhi nilikuwa nje, mizigo miwili iko tayari kwenye pikapu, wangu na wa Nolberto, dereva anapiga miayo, amekauka sauti kwa kuimba. Ximena akaja akikimbia kutoka kwenye darubini, viatu havijafungwa.

"Zinakimbia!"

"Nani?" dereva akauliza, akageuka kutazama barabara.

"Nyota! Zile ambazo ni za galaksi kweli, si zile zilizo njiani tu, zinakimbia, mama Orfelina! Ukijumlisha uzito wa kila kinachowaka mle ndani, hautoshi kuzishika, hata robo, hata kidogo! Zilitakiwa ziwe zimetawanyika zamani. Kijiji kile karibu chote ni giza. Zile nyota ni taa chache tu zilizosahaulika zinawaka ndani yake." Akamshika Nolberto mabega yote mawili. "Kamba ipo."

"Ni imara?"

"Imara sana. Bado nitahesabu mwezi mzima, wenzangu watanipinga, sawa, wanipinge. Lakini ipo."

Nolberto akatabasamu, kisha akakumbuka, akaitazama pikapu. Don Wladimir alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana na kikombe cha chai. Akanywa taratibu. Mtu yule alijua kumchelewesha mwenzake.

"Saa kumi jioni kuna bati la Wahispania," akasema hewani, hakumtazama mtu. "Matundu mengi. Mimi viganja vyangu bado. Nitahitaji mtu wa kunishikia taa."

"Si ulisema sishiki uzi?" Nolberto akauliza.

"Nani kataja uzi? Nimesema taa."

"Na nikikosea?"

"Ukikosea utaniuliza. Hata niwe mbele ya Bikira mwenyewe." Akamwaga machicha ya chai. "Na mimi nitakuambia kwa nini. Kila tundu."

Hivyo ndivyo alivyorudishwa, au hakurudishwa kamwe, maana Don Wladimir mpaka anastaafu hakulitamka neno hilo. Nolberto alikaa kwenye meza ile mpaka siku meza yenyewe ilipotolewa nje.

Lakini asubuhi ile alinitazama mimi. Alisimama tu kati ya karakana na pikapu, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na akasubiri dada yake. Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga tangu alipouza mbuzi. Nikapanda nyuma ya pikapu, nikausogeza mzigo wangu, nikaushika wake kwa fundo nililolifunga mwenyewe, nikaushusha chini.

"Blanketi ni la mama," nikamwambia. "Usiliweke karibu na jiko."

"Sitaliweka, dada."

"Na Pasaka uje."

"Nikiwa na zamu je?"

"Basi usije! Nani kakubembeleza?"

Akacheka, akautia mzigo begani. Dereva akawasha gari, nikakaa mbele karibu naye, na njia nzima ya kushuka akanisimulia walivyocheza, naye hakuwa na sauti, nami nikamwachia aendelee, kwa sababu hata mimi sikuwa nayo.